Karata Chini ya Beseni

Harufu ya nta ya mshumaa hunirudisha nyuma upesi kuliko kitu kingine chochote. Sisemi mshumaa unaowaka, bali mshumaa baridi, uliosuguliwa juu ya karatasi ngumu mpaka ikateleza kama mgongo wa samaki. Kila Jumamosi mchana Mama Ngalula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, alikuwa akitoa karata zake ishirini na mbili kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akizipaka nta moja moja, kisha akizifuta kwa kipande cha kitenge. Alisema mvua za kwetu hula karatasi kuliko mchwa. Zilikuwa karata za kubashiri, zile ambazo Wazungu huziita taro. Ujanani alikuwa akimfulia bibi mmoja wa Kizungu, na bibi huyo alipoondoka mjini kwa haraka alimwachia pasi ya makaa, mapazia mawili na karata hizo. Pasi ilikuwa imekwisha kwa kutu na mapazia yalikuwa yamegeuka matambara. Karata peke yake zilibaki kama mpya, kwa sababu ya nta.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa mjini Lubudi akimuuguza bibi yangu, na safari aliyoiita ya wiki mbili ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa fundi katika karakana ya mgodi, mtu wa maneno machache, na mwaka ule maneno yake yalipungua zaidi. Mgodi wenyewe ulikuwa unakufa. Tangu nizaliwe king'ora cha zamu kililia mara tatu kwa siku, nasi tulikula, tukaoga na kulala kwa kukifuata. Siku moja hakikulia, wala kesho yake, na kambi nzima ikawa kama nyumba ambayo saa yake imesimama. Kisha shule ikafungwa, maana walimu wetu wengi walikuwa watu wa Kasai na walikuwa wamekwisha kwenda. Nilipochungulia dirishani niliona hesabu ya mwisho ya mwalimu wetu bado iko ubaoni, haijapata jibu. Sikuwa na ndugu. Nilitembea peke yangu kati ya mistari ya nyumba za matofali, nikihesabu milango iliyofungwa.

Kwa msomaji asiyejua habari zetu nieleze kidogo. Watu wa asili ya Kasai waliletwa huku kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, na wenye migodi zamani sana, babu zao walipokuwa vijana. Wakachimba, wakaandika kwenye maofisi, wakafundisha, wakazaa. Miaka ile ya njaa na ghadhabu wakubwa walianza kusema kwamba wageni ndio waliotula, warudi kwao. Vijana mtaani walipiga kelele: "Bilulu! Bilulu, muende kwenu!" Bilulu kwetu ni wadudu. Mama Ngalula alikuwa mmoja wa hao wadudu. Alizaliwa Kolwezi, mumewe alizikwa Kolwezi, na Kasai aliijua kwa nyimbo tu. Waliomtaka arudi walitaka arudi mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Nilikuwa nakula kwake. Tata, mtu wa kanisa, alikuwa na msimamo wake juu ya jambo hilo. "Ile makarata ni ya shetani," aliniambia, "lakini bukari yake ni ya Mungu. Enda ukule." Basi nilikula bukari na sombe ya Mungu, yaani ugali na kisamvu, na sahani zilipokwisha kuoshwa nilikaa mezani kujifunza ya shetani.

Tulianza kwa kubadilishana. Chini ya kila picha paliandikwa jina kwa Kifaransa, naye hakujua kusoma. "Mi niko na macho, weye uko na masomo," alisema. "Nipatie majina, nitakupatia maana." Kwa kuwa nilikaa upande wa pili wa meza, majina yalinijia yamepinduka, nami nikazoea kuyasoma hivyo hivyo, herufi zikiwa kichwa chini miguu juu. Nilimsomea Gari, yaani kijana mwenye taji anayevutwa na farasi wawili. Nilimsomea Nyota, mwanamke anayemwaga maji kwa mitungi miwili, na Mnara, unaopasuka na kumwaga watu. Naye alinieleza kila mmoja kama anayenieleza jamaa zake, nani mkali na nani mwepesi wa kusamehe.

Kazi ngumu ilikuwa karata zilizopinduka. Karata ikisimama, mtoto yeyote anaweza kuisema: jua ni jua. Ikitokea kichwa chini, nilikunja uso na kusema mara moja, "Mbaya." Mama Ngalula alicheka mpaka akashika ubavu. "Weye ni kama polisi! Kila mutu mwenye kulala chini, unasema ni mulevi." Akanipeleka nje, akanionyesha beseni lake la kufulia, lililofunikwa juu ya ngazi likauke. "Hii imepinduka, si njo?" Nikaitikia ndiyo. "Imekuwa mubaya? Imevunjika?" Hapana. "Iko inafanya nini?" Nikasema inakauka, inangoja kesho. "Eh! Njo vile. Kitu chenye kupinduka hakikufa. Kimechelewa tu, ao kimejificha ndani, ao kinatoka pole pole. Usikiogope. Ukiulize: weye, kati ya hizi tatu, uko unafanya nini?"

Nimesoma mambo mengi tangu siku ile, na sijapata mwalimu aliyenifundisha kwa beseni moja kiasi hicho. Tulirudia somo hilo majuma mengi. Gari lililosimama ni safari inayokwenda. Likipinduka, njia haijawa tayari, ngoja. Nyota iliyosimama ni tumaini unaloliona. Ikipinduka, tumaini lipo bado lakini umeligeuzia mgongo. Nikikosea hakunigombeza. Alisema, "Angalia tena, mama," maana kwetu msichana huitwa hivyo kwa upendo, na kwa sauti ile ile aliyotumia kunikaribisha chakula, nami nikaangalia tena.

Karata moja ilinisumbua kuliko zote. Ni ile ya mtu aliyening'inizwa kwa kamba, mguu mmoja. Ikisimama sawasawa, yeye yuko kichwa chini. Ikipinduka, ndipo yeye husimama. Mama Ngalula aliipenda. "Huyu hakuuawa," alisema. "Uso wake umetulia, angalia. Akining'inia, ni mutu mwenye kungoja, na anasema: mi niko hapa, uningoje. Akisimama kwa miguu, kungoja kumekwisha. Anaenda zake. Usimungoje tena." Nilimwambia simwelewi. Akasema hata yeye ilimchukua miaka.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mwaka ule waliokufukuza walikuambia toka kwa sauti, wakakuandikia na mlangoni. Asubuhi moja mlango wa Mama Ngalula ulikutwa umepakwa alama ya makaa. Aliifuta kwa maji na sabuni, na kesho yake ikarudi. Habari zikaenea kwamba treni ya kwenda Kasai itaondoka Jumatatu, na hakuna aliyejua kama patakuwa na nyingine. Watu wa Kasai walibishana wao kwa wao, wengine wakisema ni kwenda. Wengine walisema ni kuvumilia, ghadhabu hupoa, na stesheni watu wanalala chini kwenye mvua na watoto wanakufa. Jumamosi hiyo alipaka karata nta kama kawaida, akazikoroga mezani kwa mikono miwili, duara baada ya duara, mpaka nyingine zikapinduka na nyingine zikabaki. Akazirudisha kwenye mkebe. Desturi yake ilikuwa hiyo: swali likiwa zito, karata zilale mkebeni mpaka kesho yake, kisha zitolewe tatu za juu bila kuguswa tena. "Kesho baada ya misa nitaziuliza," alisema. "Treni hii, ao ningoje."

Jumapili alikwenda misa. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kuingia kwake wakati wowote, na niliingia. Sikufikiria sana. Nilijua tu kwamba akiondoka hakutakuwa na mtu mwingine katika dunia nzima atakayeniambia angalia tena, mama. Kwa masomo yote yale ya beseni, moyoni mwangu nilikuwa bado polisi: iliyosimama ni njema, iliyopinduka ni mbaya. Nikawaza kwamba akiona mambo yote mema hatakuwa na sababu ya kukimbia. Nikafungua mkebe, na bila kubadilisha mpangilio wake nikazigeuza moja moja zile zenye picha iliyokuwa kichwa chini, mpaka kila mtu akawa juu ya miguu yake. Vidole vikabaki vinanuka nta.

Aliporudi alivua kitambaa chake cha kanisa, akanikalisha mahali pangu, akafungua mkebe. Karata ya kwanza ilikuwa Gari, limesimama. Nilikuwa nimeligeuza mimi, kwa mkono wangu. Lilikuwa limelala likisema ngoja, njia haijawa tayari, nami nikalisimamisha liseme nenda. Ya pili ilikuwa Nyota, nayo imesimama. Ya tatu alikuwa mtu wa kamba, na alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Mama Ngalula alimtazama sana huyo wa tatu. Kisha akazichukua zilizobaki akazitandaza zote. Wote walikuwa wima, kama askari mbele ya mkubwa wao. Mabegani mwake nikaona kitu kinatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Halafu nikadhani anacheka, kumbe vyote viwili.

"Ata huyu umemusimamisha," alisema, akigusa jina la mtu wa kamba, lililokuwa limesimama kichwa chini mbele yake. "Weye, mutoto. Hakuna mutu mwingine mu Kolwezi muzima anaweza kumuonea huyu huruma."

Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia azikoroge tena, Gari halikuwa hivyo, lilikuwa limepinduka, lilisema angoje. Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Alinifuta kwa kile kitambaa cha kanisa, akazikusanya karata pole pole.

"Hapana," alisema. "Mukono wa mutoto nao unachanganya karta. Mi sina mutu wa kuniambia enda, wala wa kuniambia baki. Weye njo mutu wangu." Halafu, akifunika mkebe: "Na jirani zangu wamenyamaza, mama. Ile kimya nayo ni karta imepinduka. Nimeisoma."

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa Jumatatu asubuhi, alipokwenda kupanda treni. Tata alitoka bila kuombwa, akainua sanduku la bati la Mama Ngalula, akalibeba begani kupita milango yote ya jirani. Nilijivunia. Lakini alipofika kona ya barabara kuu, mahali vijana walipokuwa wamesimama, alilitua chini. "Mama Ngalula, mi naishia hapa," alisema, akitazama viatu vyake. Naye akamjibu kwa heshima yote, "Aksanti, tata. Umefika mbali." Akajitwika sanduku mwenyewe. Vijana wakaanza kuimba bilulu. Hakugeuka, nami nilikuwa nimeshika mkono wa tata, na mkono wa tata ulikuwa baridi.

Mchana nilikwenda nyumbani kwa Mama Ngalula kwa mazoea. Mlango ulikuwa wazi na watu wengine walikuwa wameanza kutoa viti. Beseni lake halikuwa kwenye ngazi yake. Lilikuwa kwenye ngazi yetu, limefunikwa vizuri, mahali ambapo asubuhi hatukulitazama. Nikalifunua kwa haraka, kwa mikono miwili, kama mtu anayedhani kuna chakula chini yake. Karata ikapeperuka, ikajigeuza hewani, ikaanguka kwenye vumbi. Alikuwa mtu wa kamba.

Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo ninalolijutia zaidi. Sijui aliiweka vipi. Kama alimlaza akining'inia, alikuwa ananiambia ningoje. Kama alimlaza amesimama, alikuwa ananiambia usiningoje. Yeye aliyenifundisha kuuliza kabla ya kugusa alijua nitaelewa, ila hakujua nitakuwa na haraka.

Hatukupata habari zake tena. Mama yangu alirudi kutoka Lubudi miezi miwili baadaye, akashangaa kuona naweza kusoma kitabu kilichopinduka. Ujuzi huo umenilisha, msinicheke. Naandika barua na maombi kwa ajili ya watu katika chumba kidogo cha kupanga hapa hapa Kolwezi, na ninapowasindikiza maofisini nasoma jalada la karani kutoka upande wa pili wa meza kabla hajafungua kinywa. Mji umejaa tena. Malori ya madini hupita usiku na mchana kuelekea Fungurume, king'ora hakuna, na nyumba kadhaa za mstari wetu zimechimbwa chini na watafutaji wa madini mpaka sakafu zikabaki zikiwa hewani. Watu wa Kasai nao wamerudi, wengi wao vijana wanaotafuta kazi kama babu zao. Sokoni nikisikia Kiluba cha kwao nyuma yangu hugeuka, nikatafuta mwanamke mzee sana. Milima haikutani, lakini watu hukutana, ndivyo tunavyofarijiana. Mara moja moja nasikia tena kijana akiwaita neno lile la wadudu. Sasa namjibu. Si kwa ushujaa. Ni kwamba nilikwisha kuona mtu mwema anafika mpaka kwenye kona na kutua sanduku.

Karata bado ninayo. Huipaka nta kila Jumamosi. Kwa miaka mingi niliiweka ukutani akining'inia, kisha nilipofiwa na tata nikaigeuza, akasimama, na sikuvumilia hata juma moja. Sasa nimemweka amelala ubavu.