Wanawake Niliowafukia kwa Rangi

Siku ile hainitoki, mwanangu, na hata leo nikiisimulia damu inanichemka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimetoka Marangu kumfuata mjomba, naye akanipa kazi katika duka lake la vinyago na picha hapa Karatu, pale magari ya wageni yanaposimama kabla ya kupanda Ngorongoro.

Kulikuwa na mama mmoja wa Endabash, Paskalina, mchoraji. Wiki hii alileta sura ya mzee ambayo ungedhani itakusemesha. Wiki ijayo ng'ombe wa mistari mitupu. Baadaye rangi tu zinazogombana, huoni mtu wala mti. Kanisani kwao alichora watakatifu. Mimi nilimcheka, nikasema huyu hajui anachotaka. Mjomba naye alinung'unika, "Wageni wanataka twiga na morani. Mwambie achague moja."

Sikumwambia. Nilifanya baya zaidi. Alikuwa ametuachia picha kubwa ya wanawake wakichimba maji kwenye mchanga wa korongo wakati wa ukame, miili yao imekatwakatwa kama vipande vya mawe. Ilikaa ukutani miezi, haina wa kuiuliza. Nami, kwa kiburi cha aliyejifunza kuchora twiga juzijuzi, nikapaka juu yake machweo mekundu, twiga wawili na morani mwenye mkuki. Mjomba akanisifu!

Paskalina alipokuja aliitambua fremu aliyoipigilia mwenyewe. Akasimama mbele yake, akauliza, "Nani kawafukia hawa?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka inunuliwe."

"Yule wa katikati alikuwa mama yangu. Hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Ukame ulimvunja vipande, ndiyo maana nikamchora vipande. Sura nzuri ingesema uongo. Wewe ukienda msibani unaimba wimbo wa harusi?"

Nilikimbilia tapentaini, nikasugua huku nalia. Twiga wakatoka, na wale wanawake wakatoka nao. Likabaki turubai la rangi ya tope. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nilimfuata hadi Endabash kuomba radhi, akanisamehe, akanipa na kiti. Lakini mama yake hakumchora tena. "Mkono ulishasema," aliniambia.

Sasa niambie, nisikasirike? Jana nimekusikia kwa masikio yangu, wewe na wenzako, mkimsimanga yule binti wa Baray kwa sababu leo anachora hivi na kesho vile. Eti hana msimamo, achague staili moja! Nani kawapa ninyi rungu la kumchungia? Barabara nzima ya Karatu twiga ni yule yule, machweo ni yale yale, na hilo halijawakera hata siku moja!

Sikiliza basi. Kazi ya mtu usiyoielewa, muulize mwenyewe; kama hujauliza, ondoa mkono wako. Huzuni haina sura moja, na furaha pia haina, kwa hiyo usimlazimishe anayezichora. Kesho asubuhi nenda Baray ukamwombe radhi yule binti, kabla majuto hayajawa mjukuu.

Nimefoka, lakini sikulaani. Mungu akupe jicho lenye subira, mkono wako usifute cha mwenzio, na siku ukivunjika, apatikane wa kukuona jinsi ulivyo.