Walifunga Session Yangu Nikinyonyesha, Wakaacha Wazi za Wasiokuwepo

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine sikugusa.

Kiswahili changu kina Katanga ndani na Kifaransa ndani. Mtanisoma hivyo hivyo.

Siku uvumilivu uliponiisha nilikuwa natoka kumnyonyesha mwanangu Plamedi. Mama mkwe humleta mpaka getini, nami humnyonyeshea kwenye kibanda cha sentinelle, mlinzi wetu. Nikarudi mezani, blauzi bado ina unyevu kifuani. Nikagusa souris, kipanya cha mashine.

Kioo kikawa bluu tupu. Katikati, maneno ya Kifaransa: session yako imefungwa na administrateur.

Kazi yote ya asubuhi ikawa imeenda. Camion ya unga ya Kasenga, sabuni za Pweto, bons zote, hati za mzigo, nilizokuwa nimezianza bila kuzimaliza.

Sikulia. Niliinama chini ya meza, nikachomoa nyaya, nikabeba mashine yangu mikononi kama mtu aliyebeba sahani ya ugali, nikavuka dépôt nzima mpaka kwa chef. Nikaiweka juu ya karatasi zake.

"Papa Muhindo, kamata. Kama muntu anaifunga wakati niko nanyonyesha mutoto, basi ye njo akuye kuitumikisha."

Nitarudi hapo. Kwanza nieleze, maana wengine hapa hamjawahi kufanya kazi namna hii.

Kampuni yetu inauza bidhaa kwa jumla. Wenye kampuni ni watu wa Kivu. Hapa dépôt hatuna ordinateurs za kweli. Kila mtu ana kioo, clavier ya kuandikia, na kiboksi kidogo kama pakiti ya sukari. Ordinateur ya kweli ni moja tu, serveur, iko chumba cha nyuma chenye climatiseur ya kupoza hewa.

Meza unayoiona kwenye kioo haiko mbele yako. Inaishi kule nyuma. Unabisha kwa mot de passe, neno lako la siri, inakufungulia.

Courant, yaani umeme, ikikatika, kioo chako kinakufa, lakini kule nyuma batri zinaishikilia serveur mpaka groupe, ile jenereta, iwake. Ukirudi unakuta meza yako vilevile, kamstari kanawaka na kuzima kwenye herufi ileile uliyoiacha.

Miezi hiyo nilikuwa mtu wa usingizi. Mwenye mtoto mchanga anajua. Mara nyingi nilikaa pale, joto la mchana likitetemeka juu ya mabati, vumbi jekundu likielea mlangoni polepole, nikaona kama mimi wa kweli niko kule nyuma, kwenye baridi, nimepangwa vizuri na sina uchovu. Huyu aliyekaa kitini ni kioo tu.

Basi. Serveur ina nafasi za kuhesabu. Zikijaa, ukibisha haikufungulii.

Na zinajaa kwa kosa letu wenyewe. Mmeona kwenye robinet, bomba la maji la mtaa, mtu anaacha bidon, dumu lake, kwenye mstari inamshikia nafasi, yeye anarudi nyumbani kupika? Ndivyo tunavyofanya kazini. Hakuna anayefunga session yake jioni. Unabonyeza ile X ya juu, dirisha linaondoka, unaenda zako. Kule nyuma session yako inabaki imesimama kama bidon. Serge, technicien wetu, alisema mpaka akachoka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa bidon yake.

Wenzetu wa Kivu pia waliingia kwenye serveur hii hii, kwa internet. Kati yao alikuwa Ya Kavira; Ya ni kama kusema dada mkubwa, kwa heshima. Hatujawahi kuonana. Yeye alikuwa anatuma mzigo, mimi naupokea. Kwenye kila bon kuna kisanduku cha observations, na yeye akiandika kule, mimi nasoma huku. Ni pa kuandikia "carton imepasuka". Sisi tulikuwa tunaongelea humo.

"Mafuta, carton tatu zimelowa. Plamedi amelala?"

Nami najibu: "Mafuta imepokelewa. Hajalala, anaota meno."

Kuna siku nilimtazama mwanangu nikaona kama anamfahamu Ya Kavira.

Kisha vita ikaingia mjini kwao. Hamna haja nieleze, wote mlisikia. Asubuhi moja connexion ya Kivu ilikatika, na simu zikawa hazipiti.

Lakini majina yao yalibaki. Serge alituonyesha kwenye kioo chake: mstari wa majina, na mbele ya kila jina neno moja, déconnecté, yaani amekatika. Ya Kavira alikuwa katikati. Meza yake iliendelea kuwaka kule nyuma bila yeye.

Serge alitaka kuzifunga. Papa Muhindo akasema, "Wacha."

Neno hilo tu. Na sisi tulifurahi, mimi wa kwanza. Kila asubuhi tulipita kwa Serge kutazama yale majina, kama mtu anayepita hospitali kusalimia. Hakuna aliyesema tunatazama nini.

Kampuni ilipohitaji kujua mzigo wa mwisho ulifikia wapi, Serge alibadilisha mot de passe ya Ya Kavira akaingia kwenye meza yake. Nilikuwa nyuma yake. Ilifunguka taratibu. Picha ya ziwa, maji ya kijivu yametulia. Juu yake bon ya sabuni iko wazi. Kwenye observations aliandika "Carton zote nzuri. Plamedi ali", halafu kamstari kanawaka, kanazima, kanawaka.

Nilikatazama kamstari kale muda mrefu. Nilihisi nikikaa kimya vya kutosha, neno litaendelea.

Serge akatoka bila kufunga.

Sasa sikieni hasira yangu inatoka wapi.

Wiki zilizofuata wafanyakazi wapya waliletwa, nafasi hazikutosha. Papa Muhindo akatoa amri: ambaye kioo chake kimekaa kimya kidogo, Serge afunge session yake, na pointage, rekodi ya mahudhurio, iandike "abandon de poste", yaani ameacha kazi. Ukifikisha avertissement tatu, maonyo ya maandishi, unaenda nyumbani.

Nani kioo chake kinakaa kimya? Si cha Papa Kalala wa caisse: akitoka kuvuta sigara, huweka kijiko juu ya touche moja ya clavier. Kijiko kinabonyeza, serveur inafikiri Papa Kalala anatumika kama punda.

"Mama Plamedi," akaniambia, "na weye weka kijiko."

"Miye niko na mutoto, sina kijiko."

Maana kunyonyesha si kutoroka. Sheria ya kazi inatupa muda huo kila siku, sisi wenye watoto wachanga. Sikutaka kuuiba kama mvuta sigara.

Avertissement ya kwanza, nikanyamaza. Ya pili, nikaenda kuomba kwa upole. Ya tatu ni ya siku ile niliyobeba mashine.

Papa Muhindo alitazama kile kiboksi, nyaya zikining'inia.

"Mama Plamedi, uko na mudomo."

"Niko na mutoto, papa."

"Places haiko. Serge amekwambia."

"Kijiko ya Papa Kalala iko na place."

Serge, aliyekuwa mlangoni, akacheka, halafu akakohoa.

Nikaendelea. Nilisema wafanyakazi wa hapa tunafungiwa, wale wa Kivu hata hawakai kwenye viti vyao tangu mji ulipoanguka, na session zao haziguswi. Nilisema kwa ukali. Neno likishatoka halirudi kinywani.

Yule mzee akavua miwani.

"Kavira ni mutoto ya mama yangu," akasema. "Dada yangu wa nyuma. Nikifunga ile session, njo nimesema nini? Njo nimesema amekufa."

Sikuwa najua. Hakuna mtu dépôt aliyekuwa anajua. Ulisikika mlio wa climatiseur kule nyuma, kama mtu anayepumua usingizini.

"Mi sisemi uifunge, papa," nikamwambia. "Ata miye sitaki. Niko nasema usifunge yangu. Miye niko hapa."

Nilidhani ameelewa. Alivaa miwani yake, akaandika avertissement ya tatu, akaisaini.

"Ukitaka, enda ulalamike. Inspection iko wazi."

Nikaenda.

Kule inspection ya kazi corridor ilijaa watu wa kampuni zilizofungwa, wengine wamekuja na mizigo kutoka mbali, wamekaa juu ya mifuko yao. Hakuna courant. Inspecteur alikuwa mzee mpole, anaandika kwa mkono karibu na dirisha, na mimi nasinzia kwa kusimama, Plamedi mgongoni.

Serge alikuwa amenishauri: "Mueleze nani anashika zile places. Unashinda palepale. Batazifunga zote."

Na kweli inspecteur akauliza, "Hizi nafasi zingine, mama, ni za nani?"

Nikaona picha ya ziwa. Nikaona kamstari.

"Za bantu ya kazi," nikasema.

Akanitazama. Akaandika hivyo hivyo.

Mtaniita mjinga, najua. Lakini nafasi ya Ya Kavira si yangu kuitoa ili nipate yangu. Kuna njia nyingine, Serge mwenyewe anaijua: kuongeza mémoire, na kuwafungulia watu programu ya stock peke yake badala ya meza nzima. Ni chef hajataka kuongea habari ya serveur tangu siku zile.

Nilichojifunza ni hiki. Kama kampuni yenu inatumia meza za kwenye serveur, jioni funga session kabisa, usibonyeze X ukadhani umetoka. Bon ikianza, imalize au ihifadhi kabla hujainuka. Ulizeni mapema nani anafungiwa kwanza, na iandikwe. Chef akiamua kwa moyo wake, moyo wake una watu wake. Na akina mama wenzangu, muda wa kunyonyesha uombeni kwa maandishi siku ya kwanza mnarudi kazini.

Inspection haijanijibu mpaka leo, na barua ya kunitoa kazini nayo haijafika. Wenye ujuzi wa serveur, na wanaojua sheria, niambieni hapa chini nimekosea wapi. Wa kunitukana nao waje, ila wasome mpaka mwisho.

Lalamiko niliandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili linasema hivi:

*Kwa Bwana Inspecteur wa Kazi, Lubumbashi.*

*Mimi ni magasinière, mtunza ghala, katika dépôt ya bidhaa, na ninamnyonyesha mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mwajiri amefunga session yangu ya kazi mara tatu nikiwa ninanyonyesha, akaandika kwamba nimeacha kazi. Sikuacha kazi. Nilikuwa getini kwake, sentinelle ni shahidi.*

*Naomba avertissement hizo tatu zifutwe. Naomba muda wa kunyonyesha utambuliwe kwenye pointage kwa jina lake. Simlalamikii technicien, wala mfanyakazi mwingine yeyote, aliyepo au asiyekuwepo.*

*Niko tayari kuitwa siku yoyote mtakayoniandikia, nje ya saa za kunyonyesha.*