Meno ya Ukuta wa Nyuma

Kinyozi hajinyoi, wanasema watu, na mtaani kwake waliposema hivyo walikuwa wanautazama ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Walimwita Mama Lipu, kwa sababu tangu ujana wake alikuwa akipiga lipu nyumba za wenzake, na hakuna fundi aliyemfikia. Ukuta akishaupitia yeye, unapitisha kiganja na hukwami popote. Nyumba yake mwenyewe kuta tatu zilikuwa hivyo hivyo, laini, zimepakwa chokaa. Ule wa nne, wa nyuma, ulikuwa matofali matupu. Tena mwisho wake matofali yalichomoza nje kwa zamu, kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, imetoka, inayofuata imerudi ndani, toka chini mpaka karibu na bati.

Mafundi wanayaita meno. Mwashi akijua ukuta utaendelezwa siku nyingine haukati wima. Anauachia meno, ili matofali yatakayokuja yaingie katikati yake na kuta mbili ziumane ziwe moja. Kwa hiyo ukiona meno, jua kuna mtu alisema atarudi.

Aliyesema ni mume wake. Kazini walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huining'iniza kuangalia kama ukuta umesimama wima. Wenzake waliitumia pale msimamizi akipita. Yeye hakupandisha kozi mbili bila kuiteremsha. Walijuana jengoni, mwanamume anajenga, mwanamke anafuata nyuma na lipu, na kutwa nzima ni maneno.

"Mwashi anakosea, mpiga lipu anamsitiri," mwanamke alikuwa akimwambia. "Bila mimi ungeshafukuzwa zamani, baba."

"Nenda kawasitiri wengine. Ukuta wangu unataka lipu nyembamba kama karatasi. Tafuta kasoro, ukiipata nakupikia mwezi mzima."

Aliitafuta kweli, maana kupika alikuwa hapendi. Hakuipata. Badala yake akaolewa.

Nyumba yao waliijenga wenyewe, Jumapili kwa Jumapili. Chumba cha kwanza kilipofika kwenye bati, cha pili kilikuwa bado msingi tu, na hapo ndipo ikatokea kazi ya majengo makubwa mbali huko. Siku ya kuondoka, Timazi alimshika mkono mkewe akampeleka nyuma ya nyumba.

"Hapa usiguse," alisema. "Lipu ikishashika kwenye meno, tofali jipya halikamati. Nikirudi tunaunga."

Halafu akaitundika timazi yake kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwashi haachi timazi yake mahali asiporudi, alisema. Mkewe alimwamini, na mimi ningekuwepo ningemwamini pia.

Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu zikawa za sikukuu, baadaye namba ikawa haipatikani. Binti yao, aliyeachwa akitambaa, akakua, akasoma, akaolewa. Ndani ya ule msingi kuku walipata pa kutagia. Siku moja akarudi seremala aliyefanya kazi huko huko mbali, akamkuta Mama Lipu jengoni, juu ya jukwaa.

"Shemeji, mtu wako yupo. Mzima kabisa, kanenepa," alisema, akakuna shingo. "Ana nyumba kule. Na watoto."

"Aliniulizia?"

Seremala akatazama viatu vyake. "Tulikutana njiani, shemeji. Kila mtu alikuwa na haraka."

Mama Lipu akamshukuru, akarudi kwenye kazi. Siku hiyo lipu haikumkamatia, kila akiitupa ukutani inaporomoka miguuni. Alimlaumu mleta mchanga kwamba kaleta mchanga wenye udongo. Mchanga ulikuwa safi.

Sasa utasema, si angemsahau? Haya, msahau wewe. Yeye alimtamani, na sijui njia nyingine ya kulisema. Alitamani shati lenye vumbi la saruji, na ile sauti ikimchokoza kutoka upande wa pili wa ukuta. Jioni akitoka kazini alizunguka nyuma ya nyumba eti kutafuta mayai, na mkono ukapita kwenye meno, jino kwa jino. Mayai mara nyingine aliyasahau huko huko.

Ikaja mvua, na binti naye akaja, amebeba mtoto mchanga. Mumewe alikuwa amehamishwa kikazi, na mama na mwana wangekaa hapo mpaka apate nyumba. Wakalazwa kwenye kitanda kilichoegemea ukuta wa nyuma. Tofali lisilo na lipu linakunywa maji, na meno yanayakusanya. Haukupita muda, lipu ya ndani ikavimba pale kitandani, ikaanza kudondoka vipande vipande kwenye mto. Mtoto akaanza kukohoa.

"Mama," binti alisema asubuhi moja, kwa upole, "kata hayo meno, huo ukuta upigwe lipu. Mjukuu wako ataugua."

"Hayakatwi. Chumba kitajengwa, huo ukuta utakuwa ndani."

"Kitajengwa na nani?"

"Na mimi. Kwani nimekaa na waashi miaka yote hii nikiwa nimefumba macho?"

Binti akakung'uta lipu iliyodondoka kwenye mto. Ukimwona mtu mzima anabishana na ukuta, mwache amalize.

Mvua ilipotulia kidogo Mama Lipu akaagiza matofali, akawahamisha kuku, akachanganya mota ya saruji na mchanga. Akalaza kozi ya kwanza juu ya msingi wa zamani, ikakaa. Ya pili ikaingia kwenye pengo la meno, lakini juu yake ikabaki nafasi. Akaijaza mota nene. Ya tatu ikawa chini kuliko mwenzake wa zamani. Ya nne ilipofika pembeni ikagonga jino, haiingii juu wala chini. Akaligeuza tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akaligeuza tena. Mwishoni akaliweka chini, akakaa juu yake.

Binti akaja na mtoto begani, akatazama zile kozi, za zamani na mpya, jinsi zilivyopishana.

"Matofali yamekuwa madogo," alisema.

"Yalipunguzwa siku nyingi. Vibao vya kufyatulia vilibadilishwa."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nayapiga lipu kila siku, mwanangu. Nisijue?"

Alijua, ndiyo. Alijua kwamba hata huyo mtu angeingia pale mlangoni saa ile, na begi mkononi, na meno yote thelathini na mawili yanacheka, ule ukuta asingeweza kuuunga. Tofali lililokuwa linasubiriwa halifyatuliwi tena. Alijua miaka na miaka, akaendelea kwenda kutafuta mayai.

"Niletee tindo na nyundo," alisema.

Akaziondoa kwanza zile kozi mpya, kisha akaanza meno ya juu, akashuka. Kila jino lilitoa mlio mmoja mkavu likaanguka kwenye msingi. Kazi ilimchukua mpaka adhuhuri, na binti hakujitolea kumsaidia, alikuwa na akili. Kisha akausugua ukuta kwa brashi ya waya, akaumwagia maji ushibe, akaenda nyuma ya mlango. Kabla ya kupiga lipu ni lazima ujue ukuta umelalia wapi na umevimba wapi, ili ujue pa kuweka nene na pa kuweka nyembamba. Akaitoa timazi kwenye msumari.

Akaiteremsha pembeni, akasubiri itulie. Akaiteremsha katikati, akaiteremsha mwisho, pale alipokata. Na sasa hakuwa anatafuta kama fundi. Alikuwa anaomba. Kasoro moja tu, tumbo dogo, hata kozi moja iliyolala vibaya, apate cha kumkasirikia. Kamba ikashuka sawasawa na ukuta, juu mpaka chini, kila mahali alipoiweka.

Binti alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye matofali yaliyolowa, analia kwa sauti.

"Mama. Umepinda?"

"Haujapinda," alisema. "Ungepinda ningeweza."

Akajifuta kwa kiwiko. Akachota kwa mwiko, akaanza kupiga lipu, nyembamba kama karatasi.