Mikono ya Mzee Mutisya

Wacha niseme mapema, ndiyo usinikatize katikati: mimi si mlevi, na wakati ule wa fujo za uchaguzi hata chang'aa ilikuwa imeadimika Kibera. Sikuwa nimelala pia. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Januari linachoma mabati, na nilichokiona nilikiona kwa macho haya mawili. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Siku hizo nilikuwa na kibanda Kambi Muru, humo humo Kibera, na kazi yangu hasa ilikuwa laptop kuukuu, zile nzito kama tofali ambazo mafundi wa mjini wanakwambia utupe. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Mutisya, Mkamba wa Kitui aliyekuwa na duka Kawangware. Mimi nilikuwa nauza githeri, mahindi na maharagwe, mbele ya duka lake. Siku moja nikamwuliza kile kitu kinachotoa moshi mezani pake ni nini. Badala ya kunijibu, akaniangalia mikono.

"Una mkono uliotulia," akasema. "Njoo ndani."

Mikono yake yeye ilikuwa imeanza kutetemeka. Hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Kwa hivyo akawa anaelekeza kwa kidevu, mimi nalehemu. Miaka minne tulifanya hivyo, yeye macho, mimi vidole. Nilipohamia Kambi Muru kufungua kibanda changu, alinipa chuma chake cha kulehemu, akanitania kwamba sasa amebaki na kidevu tu. Mke wake, Mama Mwende, alilia kana kwamba naolewa mbali.

Basi uchaguzi ukaharibika, na Kibera na Kawangware zikawa kama nchi mbili. Ngong Road iliyo katikati yake ilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Kadi za simu ziliisha madukani, hata kujuliana hali ikawa shida. Wiki nzima sikuwa nimesikia sauti ya Mzee.

Alhamisi moja asubuhi akaja Mwalimu Achieng', amebeba kitu amekifunga kwa leso. Alikuwa na shule ndogo ya chekechea upande wa Raila, kile kijiji cha Kibera. Ilikuwa imechomwa, rejista na kila kitu. Watoto waliopotezana na wazazi wao kwenye zile mbio waliletwa kwake, maana ndiye mtu waliyemjua. Alikuwa analala nao kanisani, watoto tisa.

"Mdogo kabisa ana miaka mitatu," akaniambia. "Ukimwuliza jina la mama yake, anasema ni Mama. Namba za jamaa zao zote ziko humu ndani. Ilizima Desemba, nikasema Januari nitakuletea. Sasa ona."

Akafungua leso. Laptop ya kijivu, nene, ile ya zamani yenye kijipira cha kusukuma kwa kidole gumba. Mgeni fulani aliiachia shule. Nikaichomeka kwenye stima: taa ya kijani ikawaka mara moja, ikafa. Mwalimu akarudi kupikia watoto uji, mimi nikabaki nayo. Nikabadilisha fyuzi. Nikasafisha swichi. Nikapima waya mmoja mmoja. Wapi! Taa inawaka mara moja, inakufa. Hadi saa nane nilikuwa nimeinama mezani, na nikuambie ukweli, machozi yalikuwa yananitoka. Watoto tisa, na mimi nashindwa na taa.

"Fundi, umekula?"

Duniani hakuna mtu mwingine aliyenisalimia hivyo. Nikageuka. Mzee Mutisya alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lake la kahawia, kalamu mbili mfukoni kama kawaida.

"Mzee! Umepitia wapi?"

"Njia iko."

"Njia gani, na Ngong Road imefungwa?"

"Leta hiyo mashine nione," akasema, akavuta kiti.

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Ungeogopa vipi baba yako akija kukusaidia? Nilichosikia ni mzigo kunitoka mabegani. Nikamweleza yote, Mwalimu, watoto, fyuzi. Alisikiliza huku amefumba macho, kama alivyozoea. Halafu akasema, "Pasha moto hapo karibu na waya wa stima. Unuse."

Nikagusa na chuma cha moto, nikanusa. Samaki! Harufu ya samaki aliyeoza, tena mchana kweupe, kwenye kompyuta.

"Kapasita zimevuja," akasema. "Hizo tatu ndogo. Zinashika chaji kidogo, zinaachilia. Uko na redio iliyokufa?"

Nilikuwa nazo hata tano. Nikatoa kapasita zinazolingana, nikashika chuma nianze. Akanyoosha mkono. "Leo nipe mimi."

Nikampa. Akalehemu zote tatu bila kupumzika, moshi unapanda wima, ncha ya chuma haichezi.

"Mzee," nikamwambia nikicheka, "leo mikono imetulia!"

"Leo imepumzika," akasema. Naye akacheka.

Mimi nilisikia nini? Nilisikia mzee aliyepata dawa nzuri. Nilikuwa na haraka, ndugu yangu. Nilikuwa naangalia mashine.

Tukaiwasha. Taa ya kijani ikakaa. Kioo kikapata mwanga hafifu, halafu maandishi yakasema diski haionekani. Nikashika kichwa. Mzee akaitoa ile diski, akailaza kiganjani, akaiweka karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi.

"Imelala muda mrefu, imeshikana ndani," akasema. Akazungusha kiganja mara moja, haraka, kama unavyofungua kifuniko cha chupa. Akairudisha. "Washa."

Prrrrr. Nakuambia hakuna kwaya niliyowahi kusikia inayofikia huo mlio. Maandishi yakashuka kwenye kioo, na baada ya kutafuta kidogo nikaipata rejista: jina la mtoto, mama, baba, shangazi wa Kakamega, mjomba wa Machakos, namba za simu.

"Usiizime," Mzee akasema nyuma yangu. "Hii haiamki mara mbili. Andika kwa mkono, sasa hivi."

Nikachukua daftari, nikaandika tarehe juu kwa mazoea ya kazi, nikaanza. Niliandika nikisoma kwa sauti ili nisikosee tarakimu, na nilimsikia nyuma yangu akisema "Mm. Mm," kila jina. Sikuinua kichwa. Nilipofika mwisho nikasema, "Mzee, tumemaliza!" Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Nikatoka nje, nikaangalia kichochoro juu na chini. Jirani anayeuza makaa alikuwa amekaa mlangoni pake tangu asubuhi. Nikamwuliza mzee mwenye koti ameelekea wapi.

"Mzee gani?" akasema. "Mimi nimekusikia ukiongea peke yako, nikasema fujo zimekufika kichwani."

Niliporudi ndani mashine ilikuwa imezima. Haikuwaka tena.

Mwalimu alipiga simu kwa kadi ya mwisho aliyokuwa ameificha. Kabla ya mwezi kwisha, watoto wote tisa walikuwa kwa watu wao. Mama wa yule mdogo alikuwa hapo hapo Kawangware, kwa dada yake.

Njia zilipofunguka nilitembea hadi kwa Mzee na kilo mbili za sukari nimshukuru. Nikakuta viti nje na wanawake wa kanisa wanaimba. Mama Mwende akanishika mikono.

"Ni pressure," akasema. "Dawa ziliisha na hatungeweza kutoka. Jumatano alfajiri. Bado hatujapata gari la kumpeleka Kitui."

"Jumatano hii iliyopita?"

"Ile ya kabla yake, njia zikiwa bado zimefungwa."

Ilikuwa jana yake, siku moja kabla ya ile Alhamisi. Tarehe ilikuwa kwenye daftari langu. Nikakaa chini pale pale, nikamwambia yote. Hakuniita mwongo. Aliuliza tu, "Mikono yake ilikuwa inatetemeka?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa imetulia kabisa."

Akatabasamu huku machozi yanashuka. "Basi ni yeye wa zamani. Ndiye aliyenioa." Kisha akaangalia pembeni. "Na kwangu hakupita?"

Nikamwekea ile sukari mapajani.

Nilirudi nikaifungua ile laptop nihakikishe sikuota. Kapasita tatu zilikuwepo, lehemu zake ndogo, za duara kama punje za mtama. Zangu huwa na mikia, alikuwa akinigombeza kila siku. Nikaugua homa siku tatu. Pasta akaja kuniombea, akasema pepo huiga sura za wafu. Nikaitikia amina kwa heshima. Lakini pepo gani anakuuliza kama umekula?

Tulimzika Kitui. Miaka imepita, na hadi sasa nikiwa peke yangu mchana na mashine kuukuu, huwa nainua kichwa kila dakika chache kuangalia mlangoni. Wateja wanadhani ninaogopa wezi.

Sasa wewe nakuonya. Mtu wako akifika siku ambayo hakuna anayeweza kufika, usijifanye una kazi. Majina tisa yangengoja dakika moja. Weka kalamu chini, mwangalie usoni, umwambie asante kwa mdomo wako. Mimi nilimpa kisogo.