Maji Yalipofika Kwenye Sayari Yangu

Kazi yangu ni kupima viwanja. Katika mji wetu wa Kisangani, kupima kiwanja ni kupima ugomvi: huyu anadai mpaka wake unapita nyuma ya mchikichi, yule anaapa kwamba mchikichi ulipandwa na babu yake, na mimi nimesimama katikati na kamba yangu, natukanwa pande zote mbili. Kwa hiyo mwenzangu wa ofisini aliporudi kutoka Kinshasa na kuniwekea kwenye kompyuta mchezo ambao mtu anashuka peke yake kwenye sayari kavu, bila jirani hata mmoja, niliona wazi kwamba waliutengeneza wakinifikiria mimi.

Hakuna adui ndani yake, wala bunduki. Unaanza na kibanda cha chuma, tangi la hewa mgongoni, na mawe matupu chini ya anga la rangi ya matofali. Unaokota madini, unaokota barafu ili upate maji ya kunywa, unaunda mtambo wa upepo, kisha wa kupasha joto, kisha wa kutoa hewa. Ukichelewa kurudi hewa inakwisha, unaanguka, halafu unaamka kibandani kwako ukiwa umepoteza vitu vichache. Adhabu yenyewe ni hiyo tu. Kinachobaki ni subira: sayari inapata joto kidogo kidogo, na siku moja unainua macho unakuta anga limekuwa bluu. Nilipoiona bluu ile mara ya kwanza nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje kutazama. Alitazama, akasema anga la hivyo liko hata nje, akarudi kuponda ndizi zake za lituma.

Nilicheza Jumapili baada ya misa, na siku za kazi alasiri kama zamu ya umeme ilitufikia. Nilikuwa mtu mwenye furaha, isipokuwa kwa jambo moja, nalo lilikuwa limekaa barazani kwangu.

Mama alikuwa nasi tangu msimu wa mvua uliopita. Yeye ni wa watu wa maporomoko, wavuvi wanaosimamisha miti mikubwa kwenye maji yanayokimbia na kufunga mitego yao hapo. Nilizaliwa huko, katika nyumba ya udongo iliyo chini kabisa, karibu na mto. Mto ulipopanda ukaingia ndani, na ukuta mmoja ukaanguka. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kumchukua mama na masufuria yake, nikamleta huku kwetu mjini, komini ya Tshopo. Nilimwambia pale si mahali pa kuishi, na kwamba mimi mpimaji siwezi kumlaza mama yangu mahali ambapo ningemkataza mtu mwingine.

Mwanzoni aliniuliza kila Jumapili atarudi lini, nami kila Jumapili nilijibu kwamba tutaona. Sikuwa na nia ya kuona chochote. Baadaye akaacha kuuliza. Alikula, alilala, alikaa kwenye kiti akitazama pikipiki na baiskeli za toleka zikipakia abiria. Nilijiambia kwamba amezoea, lakini moyoni niliogopa. Mwanamke ambaye sauti yake ilifika ng'ambo ya mto akigombana na wanunuzi wa samaki sasa alikuwa akiniomba chumvi kwa adabu, kama mgeni.

Jumapili moja mvua ilimfukuza barazani, akaja kukaa karibu yangu mbele ya kompyuta. Aliuliza yule mtu wa tangi anamtafuta nani. Nilisema hamtafuti mtu, anaitengeneza sayari ipate hewa na miti.

"Na ile sayari iko ya nani?"

Nilisema ni yangu. Akacheka hadi akafuta macho kwa kitenge. Miezi mingi sikuwa nimesikia kicheko kile, na nilifurahi kuliko siku ya anga la bluu.

Tangu siku ile tulicheza pamoja, yaani mimi nilibonyeza na yeye aliamuru. Alijua jiwe lipi niokote na lipi niache. Mama huniita papa, kama akina mama wetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, na nilipojisahau mbali na kibanda alinigonga bega: papa, pumzi inakwisha, rudia nyumba. Alinigombeza hata kwa milango niliyoacha wazi. Nikaanza kutoka kazini mapema.

Kambi yangu, lazima niseme, ilikuwa nzuri. Niliijenga kwenye ardhi tambarare katikati ya bonde, vyumba kumi na viwili kwa mstari mmoja mnyoofu, njia katikati, ghala upande huu, mbegu upande ule. Hakuna mpimaji anayeweza kuona uwanja kama ule akauacha. Mama aliutazama siku nyingi. Halafu akanyoosha kidole kwenye miamba iliyozunguka bonde, myeupe kwa barafu.

"Hii barafu yote, siku itayeyuka, itaenda wapi?"

Nilimweleza kwamba ni mchezo tu, na kwamba ardhi ile nimeichagua kwa jicho la kazi. Akasema fasi, yaani mahali, ikiwa sawasawa namna ile, ni kwamba mayi ilishalala pale. Nikamjibu kwamba kati yetu wawili mimi ndiye mwenye diploma. Akaendelea kutazama miamba. Nilikasirika kidogo, nikajenga chumba cha kumi na tatu.

Mvua ya kwanza iliponyesha kwenye sayari yetu tulishangilia wote wawili. Kilitokea kidimbwi, kisha kingine, kisha kila jioni vidimbwi vilikuwa vimesogea. Alasiri moja nilifungua mchezo nikakuta njia yangu nyoofu iko chini ya maji, na ghala limezama hadi dirishani. Nilishika kichwa. Miezi ya kazi, na nilikuwa nimeonywa.

Mama hakusema chochote kuhusu diploma. Aliniambia tu nianze na mbegu. Nilibomoa chumba kimoja kimoja, nikabeba vitu kwenda juu, na yeye akanielekeza kwenye jiwe pana upande wa pili. Nilimuuliza amejuaje kwamba maji hayatafika pale. Akasema hajui, hakuna anayejua. Mtu anapanda juu, anakaa, anatazama, na maji yakishuka anarudi kwake. Nilimwambia kwamba kwenye mchezo huu hayashuki. Akasema mto wake unashuka.

Kisha akanisimulia. Mto uliingia ndani mara tatu baba alipokuwa hai. Kila mara walinibeba mimi na mikeka, wakalala juma mbili kwa ndugu wa juu, wakarudi, wakakandika ukuta upya. Nilikumbuka, na nilichokumbuka ni kulala na binamu zangu kwenye mkeka mmoja na kula samaki asubuhi. Mimi nilidhani ilikuwa sikukuu. Aliongea bila kuniangalia, macho kwenye maji ya kompyuta.

"Papa, mayi ilinifukuza juma mbili. Weye, iko mwezi ya saba."

Nilitafuta jibu la mpimaji, na yalikuwapo mengi: mteremko, udongo, ukuta. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomjibu. Niliona haya sana. Nilimwambia nimekosa, na kwamba nilimzuia kwa sababu naogopa kumpoteza. Alisema anajua, ndiyo maana alivumilia. Nikamuuliza kama atakubali nyumba tuijenge nyuma kidogo ya ile ya zamani. Akasema kidogo sawa, isiwe mbali hata asisikie watu wakienda kwenye mitego.

Nilimuuliza anataka kwenda lini.

"Kesho," alisema. "Lakini maliza kwanza kupandisha vitu yako. Mayi iko inapanda."