Ulimi wa Kutungia Uzi

Macho ya Bibi Pindo yalistaafu kabla yake. Mtu akisimama mlangoni, bibi aliona kivuli tu, akamtambua kwa sauti au kwa mlio wa viatu. Lakini kazi hakuacha, na kazi yenyewe ilikuwa ya sindano ya mkono: pindo, vifungo na matundu ya vifungo. Cherehani alimwachia mke wa mwanawe, aliyekaa upande wa pili wa meza ile ile. Walitaniana na kugombana tangu asubuhi mpaka duka linafungwa, na siku ambayo hawakugombana, majirani waliuliza nani anaumwa.

Sasa mtu asiyeona anatungaje uzi? Hapo ndipo watoto wa mtaa walipojazana mlangoni. Bibi Pindo aliweka tundu la sindano kwenye ncha ya ulimi, akauleta uzi pale pale, ulimi ukalitafuta tundu wenyewe na kuupenyeza uzi. Kufumba na kufumbua, tayari. Mwenye macho mawili mazima alikuwa bado analowesha uzi wake kwa mate.

Ndiyo maana alipoanza kuhisi kitu kama punje ya kunde karibu na ncha ya ulimi, alinyamaza. Hakikuuma. Kilikua polepole, mwaka mzima, mpaka maneno yakaanza kumkwama na uzi ukaanza kukataa.

"Mama, mbona siku hizi unatema sindano?" mkwewe aliuliza.

"Si wanasema ulimi hauna mfupa? Wangu umeota."

Mkwe alimfumbua mdomo pale pale, kama anayenunua punda, akamulika kwa tochi ya simu. "Haya ndiyo malipo ya kunisengenya kwa majirani," alisema, kisha akafunga duka mapema, akamshika mkono kwenda hospitali.

Hospitali walichukua kinyama kidogo wakakipeleka maabara. Wiki nzima ya kusubiri, Bibi Pindo alishona vifungo kwenye upande usio wao, na mkwe akavifumua. Kisha wakaitwa na daktari wa kinywa, kijana mpole mwenye mikono mikubwa ajabu.

"Siyo saratani," alisema.

Mkwe alipiga kigelegele humo humo ndani, hata muuguzi akaja mbio kuchungulia.

"Tulieni kwanza. Uvimbe umeota kwenye ganda linalofunika mshipa wa fahamu, ule unaoupa ulimi hisia. Tutautoa. Ila mshipa ukijeruhiwa, ncha ya ulimi inaweza kufa ganzi."

"Kwa muda gani?" Bibi Pindo aliuliza.

"Pengine moja kwa moja."

Mwingine angeshukuru Mungu kwa kuponea chupuchupu akaenda zake, na angekuwa na haki. Lakini kwa Bibi Pindo ulimi ukifa ganzi, kazi imekwisha. Atabaki kwenye kiti kando ya mlango, akisubiri kuletewa chai na kuulizwa kama anasikia baridi. Hilo alilihofia kuliko kaburi.

"Hilo ganda," alisema taratibu, "ni kama bitana ya koti?"

"Tuseme hivyo, mama."

"Basi nisikilize, mwanangu. Bitana mbovu haiendewi kwa pupa. Ukipeleka mkasi haraka, umetoboa koti la watu. Inafumuliwa. Unaingia pembeni, unatafuta pale inapoachana yenyewe na kitambaa, unaifuata njia hiyo hiyo mpaka mwisho."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ndivyo inavyofanywa hasa. Umesomea wapi haya?"

"Kwenye makoti."

Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya ganzi, akabaki macho, mdomo umeachamishwa. Kwa zaidi ya nusu saa Bibi Pindo hakusema kitu, jambo ambalo ukoo mzima haukuwahi kulishuhudia. Alisikia kila neno. "Mshipa ule pale, umelala juu ya uvimbe," daktari alimwambia muuguzi. "Taratibu. Tunafumua. Tunafumua tu." Halafu daktari yule yule mpole akapaza sauti kama mtu aliyefunga bao:

"Uvimbe umetoka mzima! Na mshipa haujakatika!"

Bibi Pindo alitaka kushangilia, ila mdomo ulijaa pamba. Alipiga kitanda kwa mguu.

Baadaye daktari hakumficha. "Mshipa upo, lakini tumeusumbua. Unaweza kuamka baada ya wiki kadhaa, au miezi. Au usiamke. Siwezi kukuahidi."

Kidonda kilipopona, akarudi mezani. Ulimi ulikuwepo, ukisema na kugombana kama zamani, ila ile ncha ilikuwa kama ya mtu mwingine. Sindano haikuwa na tundu. Siku moja mkwe alipiga kelele: kola nyeupe ya mteja ilikuwa na damu, na Bibi Pindo hakujua hata kama amejichoma ulimi. Tangu hapo mkwe alimtungia sindano kumi kila asubuhi, akazichomeka kwenye kimto cha kuchomekea pini. Alifanya kwa upendo, na Bibi Pindo alishukuru kwa adabu. Adabu hiyo ilimuumiza mkwe kuliko matusi yote ya miaka iliyopita.

Wiki zikapita. Kila mkwe alipotoka, bibi alichukua sindano tupu na kujaribu. Hakuna. Kesho yake, hakuna tena.

Katika wiki ya tisa, mkwe alikwenda kununua zipu. Bibi Pindo akaweka sindano mdomoni, akaigeuza ovyo, kwa hasira, bila hata kutumaini.

Ukelele wake ulimtoa fundi viatu wa duka la jirani, nyundo mkononi, akidhani ni mwizi. Alimkuta mama wa watu amesimama, damu kidogo mdomoni, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Inauma!" alipiga kelele. "Inauma vibaya sana!"

"Pole, mama! Nikuitie daktari?"

"Pole ya nini? Nipe hongera, mjinga wewe!"

Mkwe alirudi mbio, zipu zinamdondoka njiani. "Wapi? Inauma wapi?"

"Kwenye ncha! Hapa hapa kwenye ncha!"

Walikumbatiana, wakalia kwa sauti mbele ya watu bila aibu. Kisha Bibi Pindo alifuta uso kwa ncha ya kanga, akaketi, akakivuta kimto cha pini. Sindano saba zilikuwa bado na uzi. Akazichomoa nyuzi, moja baada ya nyingine, akazitupa chini.

"Hizi zako hazijakaza," alimwambia mkwewe. "Nitatunga mwenyewe."