Tuliporudisha Udongo Mlimani

Nyuma ya mlango wangu hapa Muyinga kuna miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa kamba: miwili mirefu iliyopanua miguu, na mmoja mfupi uliolala katikati yake. Katikati ya ule mfupi kuna alama ya kisu, na kutoka juu linaning'inia jiwe kwenye uzi. Wageni hudhani ni ya kuanikia nguo. Mume wangu huwaambia kwamba wanawake wengine huja harusini na masufuria, mimi nilikuja na hiyo. Simbishii, maana ni kweli.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili wa Gitega, na mimi nilishona naye kwenye kibaraza, cherehani yake na yangu zikitazamana. Nyuma ya mtaa kilipanda kilima. Miaka ya vita watu walikuwa wamekata kila mti uliokuwa juu yake, kwa kuni, kwa makaa, kwa kujengea vibanda, na nani angewalaumu. Lakini amani iliporudi, miti haikurudi nayo. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mekundu, yakaingia uani kwetu bila hodi na kuondoka na masufuria. Mwaka mmoja yalichukua ukuta mzima wa jiko la jirani, na chungu cha maharage kikiwa bado mekoni.

Hapo ndipo baba na wenzake walipoanza. Walikuwa kumi na wawili: washonaji, mafundi viatu, mhunzi, muuza chai, na mama mmoja Mkongomani aliyeuza vitenge sokoni, Mkristo peke yake kati yao na mwenye sauti kuliko wote. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri walifunga maduka na kupanda na majembe. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Watu wa mtaa waliwacheka, wakisema kilima ni cha wakulima na cha serikali ya komini, fundi nguo anatafuta nini huko. Baba hakuwa mtu wa kubishana. Alisema tu, "Kilima haiko yetu, lakini maji yake inalala kwetu."

Mimi, niseme ukweli, niliona aibu. Nilikuwa na miaka ishirini, nina mikono ya kushika hariri, na baba ananikabidhi jembe mbele ya wasichana wenzangu. Nilipanda kwa sababu alikuwa baba yangu, na nililalamika njia nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba miringoti, ile mifereji inayokatiza kilima ili kuyasimamisha maji yasishuke kwa fujo, kisha kupanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kwenye kingo zake, ili mizizi ishike udongo. Walizunguka kwa kila mwenye shamba kuomba ruhusa. Shamba la katikati lilikuwa la mjane mmoja mzee, mukecuru kama tusemavyo kwa Kirundi, aliyeishi peke yake na migomba yake na maharage yake, binti zake wote wakiwa wameolewa upande wa Gishubi. Alikubali kwa neno moja, akaendelea kupalilia.

Sasa, baba yangu alipenda mstari ulionyooka kuliko alivyopenda chakula. Angeweza kufumua suruali nzima kwa ajili ya mshono uliopinda kidole kimoja. Alipofika kilimani alifanya kama alivyojua: akachomeka vigingi, akavuta kamba, akafumba jicho moja. Yeye alishika ncha ya mbali, mimi nikashika ncha ya kwenye shamba la mjane. "Angalia," alinipigia kelele kutoka kule, "iko droit kabisa." Na kweli ilikuwa imenyooka. Tulichimba miringoti mitatu kiangazi kile, na ukisimama barabarani uliiona mitatu yote kama pindo za kitambaa cha meza. Watu wale wale waliotucheka walianza kusimama na kuitazama.

Siku ya kuvuta kamba ya kwanza yule mjane alikuja hadi niliposimama, akaegemea jembe lake, akaitazama kamba kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kirundi, taratibu, kwamba hapa kilima kina kwapa. Mvua zote anazozikumbuka, maji hukusanyika hapa kwanza. Akaniomba nimwambie baba yangu kabla hajachimba.

Nilimwitikia kwa kichwa. Sikumwambia baba. Jua lilikuwa kali, nilitaka kurudi nyumbani, na moyoni nilidhani anaonea uchungu maharage yake tu. Tena nilijiuliza mwanamke wa shamba atamfundisha nini baba yangu kuhusu mstari. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na hata nilipoambiwa bila kuuliza nikaziba masikio.

Mvua ya kwanza ya maana ilikuja mchana, siku ya soko. Kilima hakijanyooka, kina mabega na makwapa, na kamba iliyonyooka juu yake hupanda hapa na kushuka pale. Maji yalijaa miringoti yote mitatu, yakateleza kufuata palipo chini, yakakutana kwenye kwapa lile lile. Kingo zilipasuka mahali pamoja, wa juu ukaupasua wa kati, wa kati ukaupasua wa chini. Tulipofika tukikimbia, shamba la mjane lilikuwa limekwenda. Ulibaki ule udongo wa chini, mwekundu na mgumu, usiootesha kitu. Udongo wake mweusi tuliupita njiani bila kuujua: ulikuwa umelala kwenye kona ya barabara nyuma ya madrasa, rundo la kufika kiunoni.

Mjane hakupiga kelele. Alisema hakuna atakayetia tena jembe kwenye shamba lake, akaingia ndani. Laiti angetutukana.

Mjue hilo lilikuwa na maana gani. Shamba lake lilikuwa katikati. Bila kupita pale, mringoti wowote ungekatika vipande viwili na kumwaga maji yake yote juu ya nyumba zetu, na mvua kubwa zilikuwa bado mbele. Na aliyechora ule mstari alikuwa baba yangu. Watu ambao hawakuwahi kushika hata mpini wa jembe sasa walikuwa na maneno mengi. Baba aliacha kuimba cherehanini. Nilimwona akishonea mkono wa kulia upande wa kushoto, akaufumua, akaushonea pale pale tena. Niliogopa, na nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, na bado nikanyamaza.

Wiki ile alikuja mama mdogo, mdogo wake mama, kutoka Butihinda. Alikuwa amekaa Tanzania miaka mingi kama mkimbizi, akarudi na Kiswahili cha huko na vituko vyake. Alipanda kilimani na baba, akaitazama miringoti, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji," alisema, "hapa umeshona gauni. Kilima hakivai gauni."

Baba alikuwa shemeji yake, utani ulikuwa haki yake, akaumeza. Mama mdogo alikata miti mitatu, akaifunga, akachora alama kwa kisu katikati ya ule mfupi, akaning'iniza jiwe. Alitueleza kwamba uzi ukitulia kwenye alama, basi miguu miwili imesimama sawa, hakuna ulio juu ya mwenzake. Pale unapiga kigingi, unazungusha mguu mmoja mbele, unapima tena. Ndivyo walivyofanya mashambani kule walikokuwa. Alipoisimamisha ndani ya mringoti wa baba, jiwe lilikwenda pembeni kabisa. Alipoitembeza yeye, vigingi viliingia kwenye kila kwapa la kilima na kutoka kwenye kila bega, mpaka vikafika mpaka wa shamba la mjane. Hapo akasimama.

Baba alivitazama vile vigingi vilivyopinda. "Kumbe mi nilinyoosha," alisema. "Sikusawazisha."

Sasa tulijua namna ya kuchimba, lakini hatukuwa na pa kupita. Jioni ile kundi zima lilikaa uani kwetu. Kila mtu alijua desturi. Umemkosea mtu, unamwendea na mtungi wa pombe, mnatia mirija, mnakunywa pamoja, maneno yanaisha. Mkono mtupu haulambwi. Lakini washonaji wa mtaa wa Waswahili watabebaje pombe? Mama wa vitenge akasema hilo ni jambo dogo, yeye ataibeba na atainywa kwa niaba yao wote. Wengine walicheka kwa kuona njia imepatikana. Baba hakucheka.

"Ukipeleka pombe, unakunywa na yule ulimukosea," alisema. "Mi siinywi. Donc itakuwa mi nimeomba msamaha na kinywa ya mutu mwingine. Haitakuwa ya kweli. Udongo yake iko huku chini. Tumurudishie."

Nilidhani anasema kwa mfano. Kesho yake, baada ya alasiri, alikuwa nyuma ya madrasa na koleo.

Tuliubeba udongo ule kwa vikapu, kwa mabeseni, kwa magunia ya vitenge. Hatukungoja tena Alhamisi, tulipanda kila siku mpaka magharibi. Mhunzi alikuwa na mgongo mbovu, akabeba kwa sufuria ndogo, lakini hakukosa hata siku moja. Mama wa vitenge aliimba nyimbo za kanisani kwenye mteremko, na wazee wa msikitini, kwa kuishiwa pumzi, wakajikuta wanatembea kwa mapigo yake. Nikiitazama migongo yao mbele yangu, watu wa sindano na nyundo wenye udongo shingoni, ile aibu yangu ilinitoka bila mimi kujua imetoka lini. Niliwapenda watu wale. Siwezi kulisema vingine.

Mjane alikaa mlangoni akichambua maharage ya akiba, hakutusalimu. Siku ya tatu alisimama, akapekua kikapu cha baba kwa vidole, akatoa kigae cha chupa na kokoto tatu. Akasema huo si udongo wake, huo ni wa barabara, urudi. Nilitaka kujibu. Baba alikipokea kikapu kwa mikono miwili, kama anavyopokea nguo iliyorudishwa na mteja, akashuka nacho. Tangu siku hiyo tuliuchekecha udongo kwa wavu wa dirisha kabla ya kuupandisha, na mjane akaanza kutuonyesha kwa kidole pa kuumwaga.

Tuliendelea hivyo hadi rundo la nyuma ya madrasa likaisha na kona ikaonekana tena. Baba hakumwomba chochote. Alimshukuru, akamtakia amahoro, amani kwa Kirundi, tukashuka.

Siku mbili baadaye mama wa vitenge alikuja kibarazani akihema. Mjane alikuwa amemuuliza sokoni kwa nini watu hawa, wenye adabu ya kubeba udongo, walikosa adabu ya kubeba pombe, na yeye akamweleza. Sasa mjane alituma neno: wote waje leo, sasa hivi, wasilale. Baba aliacha sindano ndani ya kitambaa.

Uani kwake kulikuwa na chungu kipya, hakijawahi kutiwa pombe, bado kikinuka moto. Ndani yake kulikuwa na maji matamu ya ndizi za migomba iliyosalia nyuma ya nyumba, yaliyokamuliwa asubuhi ile. Yakilala yanachacha, yanaanza kuwa pombe. Ndiyo maana alisema leo. Aliweka na mirija mipya, akaitia mmoja mmoja.

Baba aliinama na kumwomba msamaha kwa mstari alioupiga. Mjane alimwelekeza kwenye chungu, wakanywa pamoja, vichwa karibu kugusana. Kisha mhunzi, mama wa vitenge, wote. Mrija wangu mjane alikuwa ameushika mkononi mwake, na alikuwa ananitazama.

Nilijua anataka nini. Nikasema kwa Kirundi, baba akisikia, kwamba siku ya kamba mzee huyu aliniambia maji hukusanyika hapa, akanituma kwa baba, na mimi sikufikisha.

Sikuthubutu kumtazama baba.

"Hilo ndilo nililokuwa nasubiri," mjane alisema. "Udongo mmeshanirudishia. Neno langu ndilo lilikuwa bado."

Akanipa mrija. Nilipomaliza kunywa, alituambia tuje kesho na ile miti yetu mitatu, tupite shambani kwake popote jiwe litakaposema.

Tulishuka. Baba alikuwa mbele, mimi nyuma, na kila hatua nilisubiri anigeukie. Nilikuwa tayari kwa maneno yoyote, na nilistahili mengi. Tulipofika kona ya madrasa alisimama, akautazama mlima, bado hajanitazama mimi.

"Kesho we ndiyo utatembeza miti," alisema. "Mi nitakufuata nyuma na jembe. Na yule mukecuru akisema kitu, unaniita."